Waraka Mmoja, Shule Nyingi

Kumpelekea mtu mmoja habari ni jambo jepesi. Unamwandikia, anakujibu, mambo yamekwisha; asipojibu unamwandikia tena. Lakini kuwapelekea habari ile ile watu wengi, ukataka wote waipate, waipate bila kupungua neno, na waipate kwa mfuatano ule ule, hiyo ni kazi ya namna nyingine kabisa, na gharama yake huongezeka kuliko mtu anavyodhani. Nimefanya kazi ya ualimu katika nchi ya Ufipa kwa miaka 39, na 24 kati ya hiyo nikiwa mwalimu mkuu. Nathubutu kusema kwamba sehemu kubwa ya taabu zangu za ofisini zilitokana na jambo hilo moja.

Sikujua kuwa jambo hilo lina wataalamu wake. Mjukuu wangu anayesomea kompyuta chuo kikuu alinijia likizo na rundo la karatasi, akaniomba nimsahihishie lugha ya ukurasa mmoja wa Kiswahili uliokuwa mwanzoni. Nikausahihisha, kisha nikaendelea na kurasa nyingine za Kiingereza, kalamu ya risasi mkononi na kamusi pembeni. Mada yake ilikuwa ufanisi wa kutuma ujumbe kwa kundi zima la kompyuta kwa njia ya kuaminika, kompyuta zenyewe zikiwa zimetawanyika huku na huko na kuunganishwa na mtandao. Vijana huita multikasti. Nilipofika ukurasa wa kumi hivi nikaweka kalamu chini, nikamwambia, "Lakini hii ni ofisi ya elimu ya wilaya." Akacheka. "Babu, hizi ni kompyuta."

Naam, ni kompyuta. Lakini hebu ndugu msomaji fikiri kidogo. Benki haiweki hesabu yako katika mashine moja, maana mashine hiyo ikizimika wewe utalala njaa. Huiweka katika mashine kadhaa zenye nakala zinazofanana. Ukiweka fedha au ukitoa, habari hiyo haina budi kufika kwenye mashine zote. Moja ikikosa habari kwamba umetoa, tayari una hesabu mbili zisizopatana, na siku ile mashine hiyo itakapoulizwa itajibu uongo kwa moyo mweupe. Mashine hizo zina tofauti gani na walimu wakuu sitini, kila mmoja na faili lake la nyaraka, ambao wilaya inataka wafanye jambo moja kwa siku moja?

Nieleze tulivyofanya sisi. Waraka ulipigwa chapa kwenye stensili, ukadurufiwa kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono. Stensili moja ilitoa nakala mia bila shida, kwa hiyo kuandika hakukuwa mzigo. Mzigo ulianzia njiani. Karani mgeni alitaka kutia nakala ishirini za upande wa Laela katika bahasha ishirini na kumkabidhi kondakta wa basi zote. Karani mzoefu alifunga furushi moja, likasafiri kama mzigo mmoja hadi Laela, likafunguliwa pale njia zinapogawanyika. Hii ndiyo faida ya kwanza ya multikasti: mtandao unabeba nakala moja hadi kwenye njia panda, na hapo ndipo inaporudufiwa. Steve Deering wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, ndiye aliyeonyesha katika miaka ya 1980 jinsi intaneti inavyoweza kufanya hivyo. Karani wetu hakumsoma, lakini alijua bei ya kondakta.

Ila furushi lililofika Laela halijafika shuleni. Mvua za masika zilipokolea, barabara ya kwenda Tunduma, ambayo siku hizo haikuwa na lami, iligeuka kinamasi. Kuteremka ukingo wa Lyamba lya Mfipa hadi bonde la Ziwa Rukwa, kwenda Muze au Mtowisa, kulimtegemea dereva, breki, na rehema za Mungu. Basi karatasi zilipotea, nyingine zililowa, nyingine zilikaa wiki tatu chini ya kiti cha lori. Kwa hiyo aliyetuma alitaka uthibitisho.

Njia ya wazi ni kumdai kila mpokeaji ajibu, "Nimepokea." Ni njia nzuri kama una shule tano. Ukiwa na sitini, na majibu yote yanapita katika simu ya upepo iliyopo bomani, kila jibu likila dakika mbili pamoja na kelele na kurudiarudia, hizo ni saa mbili. Ukiwa na shule 240 ni saa nane, yaani siku nzima ya kazi ya kuambiwa kwamba kila kitu ni salama. Mtumaji anazama katika habari njema. Mjukuu wangu alikuwa na mchoro wa jambo hilo hilo: kadiri kundi linavyokua, mashine inayotuma inashindwa kutuma kwa sababu imeshughulika kupokea shukrani.

Ofisi nyingi zilijua dawa ya hili zamani, nayo ni namba. Waraka Namba 6 ukifika mkononi mwangu, nami katika faili nina Namba 4, najua bila kuambiwa na mtu kwamba Namba 5 ipo mahali na mimi sinayo. Aliyepata hana haja ya kusema neno. Aliyekosa ndiye apige kelele. Kimya kinakuwa ni jibu, mradi namba zipo. Nimewafundisha watoto hesabu miaka mingi na sijaona matumizi ya namba yenye faida kubwa kuliko hayo kwa gharama ndogo hivyo.

Lakini njia hii ina tundu moja, na watu wa kompyuta wameligusa palepale tulipoligusa sisi. Ukikosa waraka wa mwisho hutajua, maana hakuna unaofuata wa kukuonyesha pengo. Nilipata kufanya kazi chini ya karani mkuu mmoja ambaye kila mwisho wa mwezi alitoa kipande cha karatasi chenye mstari mmoja tu: hadi leo ofisi imetoa nyaraka hadi namba fulani. Tulimcheka, tukisema anapoteza karatasi. Katika mitandao ujumbe wa aina hiyo hutumwa kila baada ya muda, na bila huo namba ni nusu ya dawa.

Tena kuna suala la wote kupiga kelele kwa pamoja. Furushi zima likipotea, waliokosa ni ishirini, na wote ishirini wataomba. Mwaka 1995 Sally Floyd, Van Jacobson na wenzao huko Marekani walichapisha utaratibu unaopendeza. Mpokeaji aliyekosa haombi papo hapo. Anasubiri kidogo, muda wa kubahatisha, aliye karibu na mtumaji akielekea kusubiri muda mfupi zaidi. Akimsikia mwenzake ameomba kile kile alichokikosa, ananyamaza na kusikiliza. Na wa kujibu si lazima awe mtumaji wa kwanza. Yeyote aliye nacho anaweza kukirudia. Kwenye simu ya upepo ndivyo tulivyokuwa tukiishi, kwa kuwa vituo vyote vilisikilizana. Kituo kimoja cha bondeni kikisema, "Rudia aya ya tatu," wengine wote waliokuwa wamepitwa walishika kalamu kimyakimya.

Sitasema sana kuhusu mfuatano, ingawa mjukuu wangu alikuwa na sura nzima juu yake. Waraka mmoja unasema mtihani umehamishiwa Jumanne, mwingine unasema umerudishwa Alhamisi. Aliyepata wa pili kabla ya wa kwanza atafanya mtihani Jumanne, peke yake. Njia nyepesi ni kuwa na mlango mmoja ambao kila waraka unapita na kupewa namba kabla ya kwenda popote. Mfumo wa Amoeba, uliotengenezwa Amsterdam na Andrew Tanenbaum na wenzake, ulitumia njia hiyo katika miaka ya 1980, na ulikuwa mwepesi kweli. Hasara ya mlango mmoja mnaijua wote mliowahi kusubiri saini ya mtu aliyekwenda safari.

Kuna wakati serikali yetu ilifanya jambo hili kwa upana ambao sijauona tena. Mwaka 1973, Sumbawanga ikiwa bado chini ya Mkoa wa Mbeya (Rukwa ulianzishwa 1974), ilikuja kampeni ya Mtu ni Afya. Nilikuwa kijana, mwalimu wa miaka miwili kazini. Watu wapatao milioni 2 nchi nzima walikaa katika vikundi kusikiliza vipindi vya Radio Tanzania Dar es Salaam juu ya malaria, maji safi na vyoo. Redio ni mtumaji asiyeuliza kama umesikia. Betri zikiisha, au mvua ikipiga bati, kipindi kimekwenda. Kilichofanya kampeni isimame ni kwamba kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyefundishwa na kitabu chenye somo lile lile. Viongozi hao walikuwa zaidi ya 70,000, nao walifundishwa kwa ngazi: wachache wakafundisha wengi, na hao wengi wakafundisha wengi zaidi. Pengo la redio lilizibwa palepale kijijini, bila mtu kuandika barua Dar es Salaam. Sasa nasoma kwamba kompyuta nazo hupangwa kama mti, kila tawi likiwa na msimamizi wa kuziba mapengo ya majani yake, na shina lisisumbuliwe.

Nimechelewa kufika ninapotaka, na ninapotaka kufika ni kwa yule anayechelewa.

Mwaka 1989 nilikuwa mwenyekiti wa kamati ya mtihani wa ujirani mwema. Shule kumi na mbili zilichangia karatasi na wino, zikatunga mtihani mmoja wa darasa la saba, ufanywe siku moja. Nafasi za sekondari wakati ule zilihesabika kwa vidole, na kwa mtoto wa kijijini mtihani huo ulikuwa ndiyo mara ya pekee kukutana na maswali ambayo hayakutungwa na mwalimu wake. Shule kumi na moja zilikuwa juu, uwandani. Moja ilikuwa bondeni, na watahiniwa wake walikuwa 41. Kila tulichoamua tulikubaliana kisitekelezwe mpaka shule zote zithibitishe. Kwa hiyo tulibadili siku ya mtihani mara mbili, kila mara tukisubiri jibu kutoka bondeni.

Nifafanue kwa nini mmoja anawachelewesha wote, maana si jambo la huruma tu, ni la kabati. Karani hawezi kutupa nakala ya waraka mpaka wote wasaini kuwa wameupata, kwa sababu huenda akaombwa kuurudia. Asiyejibu anaacha nakala zake zikirundikana. Kabati likijaa, karani anaacha kutoa nyaraka mpya, si kwa wavivu tu bali kwa kila mtu. Katika kompyuta kabati hilo ni kumbukumbu ya mashine, na hujaa kwa nukta chache.

Kwenye kikao cha tatu mwenzetu mmoja, mwalimu mkuu hodari niliyemheshimu, akasimama. "Mwenyekiti, kwa heshima yote. Shule kumi na moja zinaisubiri moja. Asiyethibitisha hadi Ijumaa aondolewe kwenye orodha, tuendelee. Mwakani akitaka atajiunga upya." Wengi wakaitikia. Wala hakuwa mtu mbaya. Karatasi za mtihani zikikaa sana kabatini huvuja, na watoto wa uwandani nao walikuwa watoto.

Sikujua siku hiyo kwamba alichopendekeza kilikuwa tayari ni elimu. Ken Birman wa Chuo Kikuu cha Cornell na wenzake walitengeneza katika miaka ya 1980 mfumo ulioitwa Isis, ambao baadaye ulitumika katika Soko la Hisa la New York na katika kuongoza ndege huko Ufaransa. Ndani yake kundi lina orodha ya wanachama. Asiyejibu kwa muda uliowekwa anahesabiwa amekufa; wote waliobaki wanapewa orodha mpya kwa wakati mmoja, na kazi inaendelea. Akirudi anaingia kama mgeni, anapewa nakala ya hali ilivyo, anaanza upya. Ni utaratibu safi. Ndege haiwezi kungoja mashine iliyolala.

Tatizo ni kwamba anayesubiri hana namna ya kumtofautisha aliyekufa na aliyechelewa. Fischer, Lynch na Paterson walithibitisha mwaka 1985, kwa hoja za hesabu tupu, kwamba pale ambapo ucheleweshaji hauna kikomo kinachojulikana, hakuna utaratibu unaoweza kuhakikisha kwamba kundi litafikia uamuzi mmoja ikiwa hata mmoja tu anaweza kuzimika. Kwa hiyo Ijumaa ya mwenzetu haikuwa ukweli juu ya shule ya bondeni. Ilikuwa ni uamuzi wetu, tuliotaka kuuita ukweli. Nilisema hivyo kikaoni, kwa maneno mengine. Nikauliza kama kuna mtu aliyeshuka kule ndani ya mwezi ule, akaona mlango umefungwa. Hakuwapo.

Tulichofanya hatimaye hakikutoka kwangu. Kilitoka kwa mwalimu mwanamke kijana aliyekuja kumwakilisha mkuu wake. Alisema, "Mbona siku ya mshahara wote tuko bomani?" Wakati huo walimu walikuja Sumbawanga kuchukua mishahara, wa bondeni pia, hata kwa miguu sehemu ya njia. Tukakubaliana kwamba kamati itaweka siku ya mtihani na kuitangaza mara moja tu, bila kungoja saini. Kisha siku ya mshahara kila mwalimu atakayekutana na mwalimu wa shule nyingine aulize: una namba ngapi? Mwenye pengo anakili kutoka kwa mwenzake palepale, chini ya mti, awe ni nani.

Hii nayo ina jina. Mwaka 1987 watafiti wa kampuni ya Xerox huko California walieleza jinsi ya kueneza habari kwenye kompyuta nyingi kama maradhi yanavyoenea, au kama umbea: kila mashine mara kwa mara inachagua nyingine kwa bahati nasibu, zinalinganisha walichonacho, zinajazana mapengo. Hesabu yake mtoto wa darasa la sita anaiweza. Mmoja anajua, kisha wawili, wanne, wanane. Mizunguko kumi inatosha kupita elfu, na kwa kuwa wengine watakutana na waliokwisha kujua, ongeza michache. Hakuna anayezidiwa na kazi, kwani kila mmoja anaongea na mwenzake mmoja kwa zamu. Mwaka 1999 Birman mwenyewe na wenzake walipima mifumo ya kusubiri uthibitisho, wakaonyesha kwamba mashine moja tu ikisuasua, kasi ya kundi zima inaporomoka, na kundi likiwa kubwa inaporomoka zaidi. Walipotumia njia ya umbea kasi ya wengine ilibaki tulivu. Bei yake ni kiapo: huwezi tena kusema "wote wamepata," unasema "inaelekea sana kwamba wote wamepata, au karibu hakuna aliyepata." Kwa mwalimu mkuu hilo ni neno gumu kulitia saini.

Mwaka ule wa 1989 shule ya bondeni ilipata habari na watoto wote 41 walifanya mtihani siku moja na wenzao. Mwaka uliofuata mvua ilikata njia kabla ya siku ya mshahara. Walifanya baada ya siku nne, maswali yakiwa yamekwisha kuzagaa, na matokeo yao hayakuingizwa katika mpangilio. Mwenzetu yule hodari hakusema kitu, wala mimi. Niliyasahihisha yale makaratasi mwenyewe nyumbani, usiku mbili kwa taa ya kandili, nikayarudisha na alama kwa mwalimu wao ili watoto wajue walipo.

Nilimsimulia mjukuu wangu haya yote. Katika mchoro wake mstari wa kasi ulikuwa ukishuka kila mashine moja ilipochelewa, na mashine hiyo alikuwa ameiandika kwa herufi tu. Nikamuuliza, mfumo wako unangoja muda gani kabla ya kuifuta? Akasema, "Nukta mbili, babu." Kwa nini mbili? Akafikiri. "Nilijaribu moja, nikaona anafuta hata walio hai. Nilijaribu tano, kasi ikafa." Nikamwambia aiandike sentensi hiyo kama ilivyo, maana ndiyo niliyoielewa kuliko nyingine zote katika rundo lake.

Sasa sisi walimu wastaafu tuna kundi la WhatsApp la kusaidiana misiba. Unapotuma ujumbe huko, tiki ya pili haitokei mpaka simu za wanakundi wote ziwe zimeupata, na hiyo ya bluu mpaka wote wausome. Tuko 58. Tiki ya pili ni adimu, kwa sababu mmoja wetu anaishi bondeni na simu yake huichaji dukani, kwa sola, siku ambayo jua na shilingi vimepatana. Mhazini wetu amependekeza wanachama ambao hawajaonekana kwa siku 30 waondolewe, ili tujue idadi ya kuchangisha. Kikao ni Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao. Nimeandika barua ya karatasi kumjulisha, nikaikabidhi kwa kondakta wa basi la Mtowisa, na nyingine yenye maneno yale yale nikampa muuza samaki anayeshuka Alhamisi.